Padre Vivaldi na Watoto Wasio na Jina la Baba



Majuma matatu yaliyopita, baada ya Misa ya pili, mzazi mmoja alinisubiri nje ya sakristia. Alikuwa na neno. Kwa maoni yake haikufaa watoto wa kituo cha kulelea yatima waimbe wimbo wa katikati siku ya sherehe, ilhali wapo watoto wa familia zinazojulikana parokiani, ambao wazazi wao hutoa zaka na kuhudhuria jumuiya. Alisema kwa adabu, wala sidhani kwamba alikusudia ubaya. Nami, sina budi kukiri, sikumjibu ipasavyo. Nilisema tu kwamba tutalitazama jambo hilo, kisha nikaenda kunywa chai. Tangu siku ile dhamiri yangu haijatulia. Tafakari ya juma hili ni jibu lililochelewa, na ninalitoa kwa njia ya historia ya padre mmoja aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili na themanini iliyopita.

Padre huyo ni Antonio Vivaldi. Huenda jina lake ni geni kwa baadhi yenu, lakini muziki wake si mgeni. Ukipiga simu ofisini ukaambiwa usubiri kidogo, mara nyingi ile sauti ya fidla inayokuliwaza ni kipande cha utungo wake uitwao Majira Manne. Wanakwaya waliosomea muziki wanaufahamu pia Utukufu wake, yaani Gloria, unaoimbwa siku hizi katika makanisa na kumbi za dunia nzima. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mtunzi huyo alikuwa padre, na wachache zaidi wanaojua kwamba sehemu kubwa ya kazi yake aliiandika kwa ajili ya watoto waliotupwa.

Antonio Lucio Vivaldi alizaliwa tarehe 4 Machi 1678 katika mji wa Venezia, ambao siku hizi uko nchini Italia, lakini wakati ule ulikuwa makao makuu ya jamhuri iliyojitawala yenyewe. Siku ile ile aliyozaliwa, mkunga alimbatiza nyumbani kwa haraka kwa sababu alikuwa katika hatari ya kufa. Ninyi makatekista mnafahamu vema ubatizo wa namna hiyo. Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Mei, alipelekwa katika kanisa la parokia yao, San Giovanni in Bragora, ili kukamilishiwa taratibu zilizobaki. Tangu mwanzo, basi, maisha yake yalining'inia kwenye uzi mwembamba, na udhaifu wa kifua ulimfuata hadi uzeeni.

Baba yake, Giovanni Battista, alikuwa kinyozi aliyejifunza kupiga fidla, na hatimaye mwaka 1685 akaajiriwa miongoni mwa wapigaji wa muziki katika kanisa kubwa la Mtakatifu Marko. Ndiye aliyemfundisha mwanawe kushika upinde wa fidla. Hata hivyo familia ile haikuwa na mali, na katika nyakati zile upadre ulikuwa mojawapo ya njia chache ambazo mtoto wa kinyozi angeweza kupata elimu na heshima. Mwaka 1693, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, Antonio alianza safari ya kuelekea daraja takatifu. Hakukaa seminarini kama tulivyokaa sisi. Alilelewa na mapadre wa parokia huku akiendelea kuishi nyumbani kwao. Safari hiyo ilichukua miaka kumi. Tarehe 23 Machi 1703 alipewa upadre, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Kwa kuwa nywele zake zilikuwa nyekundu, watu wa Venezia walimbandika jina la Padre Mwekundu, nalo halikumtoka tena.

Katika mwaka huo huo wa 1703, mwezi Septemba, padre huyu kijana aliajiriwa kuwa mwalimu wa fidla katika nyumba iitwayo Ospedale della Pietà. Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa maana bila kuielewa nyumba hiyo hatuwezi kumwelewa Vivaldi.

Neno lile la Kiitalia linafanana na neno hospitali, lakini nyumba hii haikuwa ya wagonjwa. Ilikuwa nyumba ya kupokea watoto wachanga waliotelekezwa. Ilianzishwa mwaka 1346 na mtawa Mfransisko, Ndugu Pietro wa Assisi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipita katika vichochoro vya mji akiomba sadaka kwa ajili ya watoto hao huku akirudia neno moja tu, pietà, maana yake huruma. Katika ukuta wa nyumba hiyo kulikuwa na shubaka. Mama aliyekuwa hana uwezo wa kumlea mtoto wake, au aliyeogopa aibu, alikuja usiku, akamweka mtoto katika shubaka lile, akaondoka. Mara nyingine mama aliacha pamoja na mtoto nusu ya picha takatifu au nusu ya medali, naye akaondoka na nusu ya pili. Alitumaini kwamba siku moja atarudi, vipande viwili viunganishwe, na mtoto atambulikane kuwa ni wake. Vipande vya namna hiyo vimehifadhiwa mpaka leo. Ni nusu ambazo wenzake hawakuja kamwe.

Tusidhani kwamba Kanisa lilifumbia macho dhambi ya kutupa watoto. Kwenye ukuta wa Pietà lipo bamba la jiwe la mwaka 1548, enzi za Papa Paulo wa Tatu, linalowaonya kwa adhabu kali ya Kanisa wazazi wanaoweka watoto wao pale ilhali wanao uwezo wa kuwalea. Onyo liliwahusu wazazi. Mtoto mwenyewe alipokelewa, akaoshwa, akanyonyeshwa, akaandikwa katika daftari.

Wavulana wa nyumba ile walifundishwa kazi za mikono, kisha wakatoka kwenda kujitegemea. Wasichana wengi walifundishwa kushona, kufuma na kazi nyingine za nyumbani. Lakini wale walioonekana kuwa na kipaji waliingizwa katika kundi lililoitwa coro, yaani kwaya, ingawa ndani yake walikuwamo pia wapigaji wa kila aina ya chombo. Mwaka 1739 msafiri mmoja Mfaransa, Charles de Brosses, aliandika kwa mshangao kwamba wasichana wa nyumba hizo za huruma za Venezia walipiga fidla, filimbi, kinanda na zumari, na kwamba hakuna chombo kilichokuwa kikubwa kiasi cha kuwatisha. Hata sauti nzito za kwaya ziliimbwa na wao wenyewe, kwani katika orodha za nyumba ile wametajwa wanawake waimbao tena na besi. Waliimba na kupiga wakiwa juu katika roshani za kanisa, nyuma ya kimia cha chuma, hivi kwamba waamini waliokaa chini walisikia sauti bila kuona nyuso.

Na sasa tazameni jambo hili. Kwa kuwa hawakuwa na baba aliyejulikana, hawakuwa na jina la ukoo. Basi waliitwa kwa jina la ubatizo pamoja na chombo au sauti yao. Mmoja wao aliitwa Anna Maria dal Violin, maana yake Anna Maria wa Fidla. Aliletwa pale akiwa mtoto mchanga, mnamo mwaka 1696. Vivaldi alimfundisha, akaona ndani yake jambo ambalo mama aliyemwacha shubakani hakupata nafasi ya kuliona, akamwandikia zaidi ya koncheto ishirini. Koncheto ni utungo ambamo chombo kimoja, au vichache, hujibizana na kundi zima la wapigaji. Anna Maria alipata kusifiwa na wageni waliotoka nchi mbalimbali za Ulaya kuwa ni miongoni mwa wapiga fidla hodari wa wakati wake. Hakuondoka katika nyumba ile. Alikuwa mwalimu wa wasichana waliomfuata, na alifariki humo mwaka 1782, akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi. Mtoto asiye na jina la baba alipewa jina na kazi yake, na jina hilo tunalitaja leo.

Kazi ya Vivaldi pale Pietà haikuwa tambarare. Nyumba iliongozwa na baraza la waheshimiwa wa mji, nao kila mwaka walipiga kura kuamua kama mwalimu aendelee. Mwaka 1709 kura saba zilimkataa na sita zilimkubali, akapoteza kazi. Wanahistoria wengine hudhani kwamba wanafunzi wake wakubwa walikuwa tayari wameweza kufundisha wenzao, hivyo wakuu wakaona hakuna haja ya kumlipa. Mwaka 1711 wakamrudisha, na mwaka 1716 wakampandisha cheo. Mwaka huo huo aliwatungia oratorio ya Juditha triumphans, habari ya Yudithi wa Agano la Kale, ambayo sehemu zake zote, hata zile za wanaume, ziliimbwa na wasichana wa nyumba ile. Mwaka 1723 walipatana naye awape koncheto mbili kila mwezi, na daftari za fedha zinaonyesha kwamba hadi mwaka 1729 alikuwa amelipwa kwa koncheto zaidi ya 140. Kwa jumla aliandika koncheto zipatazo 500, pamoja na opera na nyimbo nyingi za Kanisa. Gloria ile inayojulikana zaidi aliitunga mnamo mwaka 1715, kwa ajili ya wasichana wale wale.

Sifa zake zilivuka mipaka. Mwaka 1711 mchapaji mmoja wa Amsterdam alitoa kitabu cha koncheto zake kumi na mbili, kikaenea Ulaya. Huko Ujerumani, Mluteri mmoja kijana aliyekuwa mpiga kinanda, Johann Sebastian Bach, alivinakili baadhi ya vipande hivyo kwa mkono na kuvigeuza viweze kupigwa kwa vinanda, na kwa njia hiyo alijifunza namna ya kujenga utungo. Majira Manne yalichapwa mwaka 1725, huko huko Amsterdam.

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapa, mkadhani nimewasimulia habari za mtakatifu. Sivyo. Vivaldi hakuwa mtakatifu, wala mimi sina haki ya kuficha yale yanayotukwaza katika maisha yake.

Miaka michache tu baada ya upadrisho, aliacha kuadhimisha Misa. Katika barua aliyoiandika mwaka 1737 kwa mheshimiwa Guido Bentivoglio, alieleza kwamba ilikuwa imepita miaka ishirini na mitano bila kuadhimisha, na kwamba hakukatazwa na mtu. Alisema ugonjwa wa kifua uliomsumbua tangu kuzaliwa ulimlazimisha mara tatu kuondoka altareni kabla Misa haijamalizika. Wapo wanaomwamini, kwa sababu dalili anazozieleza zinafanana na pumu. Wapo pia wasiomwamini. Wanauliza, je, mtu aliyeshindwa kusimama altareni kwa nusu saa aliwezaje kusafiri mji hata mji akisimamia opera? Baadaye ikazuka hadithi kwamba aliondoka altareni ili akaandike wimbo uliomjia kichwani. Hadithi hiyo haina ushahidi, ingawa inapendwa sana na wasimuliaji.

Tena kulikuwa na manung'uniko juu ya mwimbaji mmoja wa kike, Anna Girò, mwanafunzi wake, aliyesafiri naye pamoja na dada yake kwa miaka mingi. Vivaldi alikana kwamba kulikuwa na ubaya wowote. Hata hivyo, mwaka 1737 Kardinali Tommaso Ruffo, aliyeliongoza jimbo la Ferrara, alimkataza kuingia katika mji huo kusimamia opera, kwa sababu mbili: kwamba ni padre asiyeadhimisha Misa, na kwamba ana urafiki na mwanamke yule. Katazo hilo lilimletea hasara kubwa ya fedha na ya heshima.

Mimi ni padre, nami siwezi kusema kwamba kutoadhimisha Misa ni jambo dogo. Misa ndiyo moyo wa siku yangu, na sijui ningeishije bila hiyo. Lakini pia siwezi kujua ni kiasi gani cha pumzi kilichokuwamo katika kifua cha mtu mwingine. Mwandishi wa michezo ya kuigiza, Carlo Goldoni, aliyemtembelea mwaka 1735 kwa shughuli ya opera, ametuachia picha ya kuchekesha. Alimkuta ameshika kitabu cha Sala za Kanisa. Vivaldi akafanya ishara ya msalaba, akaweka kitabu chini, wakazungumza habari za opera, kisha akakiokota tena akaendelea kusali huku akitembea chumbani, na mara akakiacha tena. Huenda Goldoni alikuwa anamdhihaki. Lakini mimi nilipoisoma habari hiyo nilijiona mwenyewe, nikisali Masifu ya Jioni huku simu ya mezani ikilia na mafundi wa paa wakinisubiri mlangoni. Sala ya padre yule ilikatwakatwa, ila ilikuwapo.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Ladha ya watu wa Venezia ilibadilika, na tungo zake zikaonekana za kizamani. Mwaka 1740 aliuza baadhi ya tungo zake kwa Pietà akaondoka kwenda Vienna, pengine kwa tumaini la kupata msaada wa Kaisari Karoli wa Sita aliyempenda. Kaisari akafariki tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo, na katika kipindi cha maombolezo nyumba za opera zikafungwa. Vivaldi akabaki mgeni asiye na mlinzi. Alifariki mwezi Julai 1741, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, katika nyumba ya mjane wa mtengeneza matandiko ya farasi. Tarehe 28 Julai akazikwa kwa maziko ya gharama ndogo katika makaburi ya hospitali ya mji. Kaburi lake halionekani tena. Taarifa moja iliyoandikwa Venezia ilisema kwamba mtu huyu alipata kuwa na dukati elfu hamsini, kisha akafa maskini kwa sababu ya kutapanya mali. Basi. Kwa muda unaokaribia miaka mia mbili, jina la Vivaldi lilikuwa kama jina la mtoto aliyewekwa shubakani: hapakuwa na aliyekuja kulidai.

Wataalamu wachache wa karne ya 19 walikutana naye kwa njia ya Bach, walipotaka kujua ni nani huyo ambaye Bach alimnakili. Lakini sehemu kubwa ya miswada yake ilikuwa haijulikani ilipo. Kumbe ilikuwa imepita mikononi mwa matajiri kadhaa, mpaka ikafikia ukoo wa Durazzo wa mji wa Genova, na ndugu wawili wa ukoo huo wakaigawana kama watu wanavyogawana mirathi ya mashamba. Nusu moja iliachwa kwa urithi kwa Wasalesiani wa Don Bosco, shirika ambalo sisi hapa Tanzania tunalifahamu kwa vyuo vyake vya ufundi na malezi ya vijana. Mwaka 1926 Wasalesiani wa chuo kimoja huko Monferrato, kaskazini mwa Italia, walihitaji fedha za kukarabati jengo lao. Wakaamua kuuza makabrasha ya zamani ya muziki waliyokuwa nayo, wakaomba ushauri wa Maktaba ya Taifa ya mji wa Torino ili wajue thamani yake. Profesa Alberto Gentili aliyafungua makabrasha hayo, akakuta kumi na manne kati yake yamejaa miswada ya Vivaldi.

Maktaba haikuwa na fedha za kuyanunua. Gentili alimtafuta mfanyabiashara wa mambo ya fedha, Roberto Foà, aliyekuwa Myahudi kama yeye. Foà alikuwa amefiwa na mwanawe mchanga, jina lake Mauro. Alikubali kulipa, akayatoa makabrasha yote kwa maktaba kwa sharti moja tu, kwamba mkusanyo ule uitwe kwa jina la mtoto wake.

Kisha Gentili akagundua kutokana na namba za makabrasha kwamba hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa kwa mzee mmoja wa ukoo ule ule huko Genova, mtu mgumu asiyetaka kuuza. Ilibidi hata padre mwungamishi wake, Mjesuiti, asaidie kumshawishi. Mwaka 1930 alikubali, na maktaba ikakosa tena fedha. Safari hii aliyejitokeza ni mwenye kiwanda cha nguo, Filippo Giordano. Naye, kama Foà, alikuwa amempoteza mwanawe mdogo, Renzo. Naye pia alilipa, akaomba mkusanyo uitwe kwa jina la mtoto wake. Hivyo ndivyo makabrasha ya Vivaldi yaliyogawanywa yalivyounganishwa tena huko Torino, jumla yake 27, yenye tungo zipatazo 450. Mpaka leo wataalamu duniani kote huziita Mkusanyo wa Mauro Foà na Mkusanyo wa Renzo Giordano.

Mwezi Septemba 1939, majuma machache tu baada ya vita kuanza Ulaya, katika mji wa Siena lilifanyika juma la muziki wa Vivaldi, na Gloria ile ikasikika tena. Profesa Gentili hakushirikishwa. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 dhidi ya Wayahudi zilikuwa zimemfukuza kazini. Tukiimba Gloria hiyo, tumkumbuke pia yule aliyefungua kabrasha la kwanza, kisha akafungiwa mlango.

Wapendwa, kila nikiifikiri historia hii nabaki nimeduwaa. Muziki ulioandikwa kwa ajili ya watoto waliokosa wazazi uliokolewa na wazazi waliokosa watoto. Mama wa Venezia aliacha nusu ya medali akitumaini nusu ya pili itarudi. Miswada ya mwalimu wa watoto wale ilikatwa nusu mbili, na nusu zile zilirudiana kwa machozi ya akina baba wawili. Siwezi kuthibitisha kwamba huo ni mkono wa Mungu kama mwanahistoria anavyothibitisha tarehe. Naweza kusema tu kwamba Bwana wetu, baada ya kuwalisha umati, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Desturi hiyo sidhani kwamba ameiacha.

Nafikiri pia juu ya wale waheshimiwa wa baraza waliopiga kura saba kwa sita. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakitunza fedha za maskini, nao waliona mwalimu wa fidla si lazima. Labda nasi, katika Halmashauri yetu ya parokia, tumepata kupiga kura za namna hiyo. Na nafikiri juu ya wale walioketi chini kanisani Pietà, wakisikiliza sauti nzuri nyuma ya kimia. Walizipenda sauti. Je, wangekubali watoto wale waketi nao katika benchi moja?

Nyumba ya Pietà haijafungwa. Kanisa linaloonekana pale siku hizi lilijengwa baada ya Vivaldi kufariki, lakini taasisi yenyewe ingali inaendelea na huduma kwa watoto na akina mama walio katika shida, katika mji ule ule ambako Ndugu Pietro alipita akiomba huruma. Mji wa Venezia umekuwa na majemadari na matajiri wengi, na majumba yao watalii huyapiga picha. Lakini ukisimama katika kanisa lolote ambapo Gloria ile inaimbwa, jambo unalolisikia ni kazi iliyoandikwa kwa ajili ya Anna Maria na wenzake, mabinti ambao mji haukuwapa hata jina la ukoo.

Kwako wewe mzazi uliyenisubiri nje ya sakristia, nakuomba radhi kwa kuwa sikukujibu siku ile. Jibu langu ni hili: watoto wa kituo wataendelea kuimba wimbo wa katikati kwa zamu yao, pamoja na watoto wetu wengine, wala si nyuma yao. Hatujui ni nani kati yao aliyebeba kipaji ambacho Mungu anataka kikuzwe. Na hata asiye na kipaji, aimbe tu. Jina lake limekwisha kuandikwa katika daftari letu la ubatizo, na katika daftari hilo hakuna mtoto asiye na Baba.

Nanyi walimu wa kwaya, mnaofundisha jioni baada ya kazi, bila posho, katika chumba ambacho taa yake huzimika mara kwa mara, msikate tamaa. Hamjui ni lini na kwa mkono wa nani mtakayoyaandika yataokotwa.

Tumwombee Padre Antonio Vivaldi, ili Mungu amhurumie kwa yote aliyoyapungukiwa na amlipe kwa yote aliyoyatoa. Tuwaombee watoto wote walioachwa, na mama zao waliowaacha wakilia. Tuwaombee pia wazazi wote waliozika watoto wadogo, ambao katika parokia yetu si wachache.

Nawatakieni juma lenye baraka. Tumsifu Yesu Kristo!

Paroko wenu.